Volti za Mama

Mama hakuwa mtu wa barua. Alizungumza ndani ya kaseti, kisha akampa yeyote anayepanda ndege. Mwaka ule nilikuwa nimepanga chumba Hounslow, huku ughaibuni, na kaseti ililetwa na jirani yetu wa Unguja, aliyekuja kumtazama bintiye.

"Mama'ako kakuuliza jambo humo," akaniambia. "Mie nnaondoka kesho asubuhi. Kasema nikirudi bila jibu, kimya chako ndiyo umekubali."

Nimekubali nini? Naye hakujua.

"Mke, bwana," akasema mwenzangu wa Mombasa, tuliyekaa naye nyumba moja. "Ushaozwa!"

Redio kaseti yangu ya mtumba ilitaka volti sita, na adapta yangu ilitoa kumi na mbili. Sikujali. Mambo ya waya ndiyo starehe yangu, na nilikuwa na kopo zima la regyuleta, vile vidude vya miguu mitatu vya kupunguza umeme. Ya volti sita tu ndiyo haikuwamo.

Nikatia ya tisa. Mota ikapiga mbio, Mama akawa chiriku. Hata salamu sikuzishika. Nikatia ya tano. Sasa akaburuta maneno kwa sauti nzito.

"Huyu baba yako," akasema mwenzangu.

Nikachukua ile ya kurekebisha, inayozungushwa kama sauti ya redio, nikaibana kwenye kipande cha bati isije ikaungua. Mita ya volti ikasoma sita kamili, lakini Mama bado alikuwa na haraka. Huenda alirekodi kwa betri zilizochoka. Ikabidi nimtafute kwa sikio.

"Hapo hapo!"

"Wewe mama yangu umemjulia wapi?"

"Mama wote wakigomba sauti yao moja."

Kusema kweli, baada ya miaka tisa ya kumsikia kwenye kaseti tu, hata mimi sikuwa na hakika. Nikazungusha mbele, nikarudisha nyuma, mpaka akakohoa. Kikohozi kile nakijua, hutangulia amri. Nikaondoa mkono polepole.

"Chumba chako nimetia kuku," akasema. "Kama unarudi mwaka huu, niwatoe. Kama hurudi, au ukinyamaza, niwaache, wanataga vizuri."

Mwenzangu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mimi nikageuza kaseti, nikabonyeza kitufe cha kurekodi. Nikamsalimia Mama, nikaulizia mvua, majirani, bei ya karafuu, afya ya kila kuku. Nikamweleza baridi ya huku kwa kirefu sana. Kitufe kikaruka chenyewe, kaseti imekwisha, na habari ya chumba sikuigusa.