Mtani Kwenye Kinanda

Habari za msiba zilinikuta sokoni, zikiletwa na mama mmoja aliyeteremka mlimani na tenga la kabichi. "Shikamoo, Bwana Karani," alisema, tenga likiwa bado kichwani. "Yule fundi wako wa kinanda tumemzika juzi." Nilinunua kabichi mbili nisizozihitaji, nikarudi nyumbani, na tangu siku ile kila nikishika kalamu naiweka tena chini. Wasomaji wangu wamezoea kunikuta hapa nikigombana na majumbe wavivu na wapishi wa pombe. Leo nagombana na nafsi yangu. Jina la marehemu sitalitaja, wala la mtu mwingine yeyote, kwa kuwa najua safu hii husomwa bomani, na sisi tulio hai bado tuna migongo.

Alikuwa Mluguru wa milima iliyo juu ya Mlali. Padri mzee wa misheni ndiye aliyemfundisha kinanda, kile cha kukanyaga kwa miguu, ambacho mifuko yake ya upepo ilikwisha kuzibwa kwa ngozi ya mbuzi mara sijui ngapi. Walipiga muziki wa Wajerumani wa kale. Padri alitusimulia kwamba waliotunga nyimbo zile walikufa kabla babu yake hajazaliwa. Kwamba zilichezwa kwanza mbele ya wafalme, zikasahauliwa, zikafukuliwa tena, na sasa huko Ulaya hata mshona viatu anazipigia mluzi. Mimi nilizisikia nikahisi baridi tu, nikatamani misa iishe. Mwenzangu alizipenda mpaka akawa anazipiga kwa vidole juu ya mpini wa jembe, shambani, watu wakimcheka.

Sasa lazima niseme jambo la utani, hasa kwa wasomaji wa pwani ambao huenda wanadhani utani ni mzaha tu. Padri alikaa milimani miaka mingi hata ukoo mmoja ukamtwaa kuwa ndugu yao. Ukoo huo na ukoo wa mpiga kinanda ni watani tangu zamani. Basi na hao wawili wakawa watani: huyu anamficha Padri kofia mpaka atoe kuku, yule anatangaza mbele ya watu kwamba mpiga kinanda anaota akioa nguruwe. Na mtani, wasomaji wangu, kazi yake kubwa iko msibani. Ndiye anayemdhihaki marehemu, ndiye anayewachekesha wafiwa wapate kupumua. Mtani asipofanya hivyo amemtupa mwenzake. Padri aliyajua haya vizuri. Alipougua, nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia, "Nikifa usinililie kama kuku aliyenyeshewa. Nichezee."

Akafa. Bwana Mkubwa wa boma akapanda mlima na askari wake kuja kuzika, nami nikaja nyuma yake, kwa kuwa wakati ule nilikuwa mkalimani. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimezimwa si zamani, na wakubwa walikuwa bado wanashtuka kila wakiona watu weusi wengi mahali pamoja. Kanisa lilijaa hadi nje. Mpiga kinanda alianza wimbo wa maziko, ule mzito wa Kijerumani, na Bwana Mkubwa akainamisha kichwa. Kisha wimbo uleule, bila kupotea hata sauti moja, ukaanza kutembea, ukachangamka, ukaenda mwendo wa ngoma. Akina mama wa ukoo uliomtwaa Padri wakaangua kicheko huku machozi yakiwatiririka. Mmoja akapiga kigelegele. Nilimwona Bwana Mkubwa akiinua kichwa polepole, shingo imekuwa nyekundu, na askari wawili mlangoni wakashika bunduki zao vizuri. Kinanda kikanyamaza.

"Muulize," Bwana Mkubwa aliniambia, "kwa nini anamtukana Mzungu aliyekufa." Nikauliza. Mpiga kinanda alisimama, akajibu kwa utulivu, "Mwambie mimi ni mtani wake. Mwambie marehemu mwenyewe alitaka." Nililijua jibu lile kuwa kweli, na Kijerumani cha kulieleza nilikuwa nacho. Lakini niliona kiboko kwenye mkanda wa askari, nikaona hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano vya boma, juu ya mgongo wa rafiki yangu, na, niseme yote, niliuona na mgongo wangu. Nikasema, "Bwana, anaomba radhi. Alikosea. Mikono ilimtetemeka kwa huzuni." Bwana Mkubwa alipumua. Akasema hatapigwa mtu, ila mwenye mikono ya kutetemeka asiguse kinanda tena. Padri mpya akaitikia, na toka siku ile kinanda kikapewa mwingine. Mpiga kinanda alikuwa ameokota Kijerumani cha kutosha pale misheni. Alinitazama mara moja tu, kisha akachukua kofia yake akatoka.

Wimbo wenyewe haukufungiwa kanisani. Wanawake waliondoka nao siku ileile, kwa mwendo wake wa ngoma, wakautwangia mahindi, wapagazi wakaupeleka Kisaki, na wanaojenga reli wakawa wanainulia vyuma kwa sauti yake. Mwaka uliofuata Mhindi mmoja mwenye duka hapa mjini alileta santuri, akaiweka barazani kuvuta wateja. Siku moja ikatoa wimbo ule, umepigwa na Wazungu wengi kwa pamoja, polepole kama ulivyoandikwa. Watu walisimama wakasikiliza. Kisha mzee mmoja akasema kwa hasira, "Wamemwibia fundi wetu! Na hawajui hata kuucheza." Nilicheka peke yangu, kisha nikaona haya. Ndivyo muziki wa kale unavyovuka zama, nadhani: kila kizazi kinaudai kuwa wake, na hakuna anayekosea.

Nilimwendea mara moja tu baadaye. Nilimkuta akipalilia maharage, tukasalimiana kama watu wasio na neno. Nikaanza kujitetea: nilikuokoa, ndugu yangu, ungechapwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaegemea jembe, akasema, "Mgongo ungepona." Halafu akaendelea na tuta lake, nami nikateremka mlima. Sikurudi tena, nikijidanganya kwamba kazi zimenizidi, na sasa nimechelewa.

Bwana Mkubwa yule amekwisha rudi Ulaya, na mimi si mkalimani tena, lakini wakalimani ni wengi nchini leo, na wengi wao ni vijana walioipata kazi hii kwa fahari kama nilivyoipata mimi. Ninyi ndio ninaowaandikia. Mtu akisimama mbele ya mkubwa akakupa neno lake, ujue amekukabidhi mali pekee aliyobaki nayo. Usilipunguze kwa kumhurumia. Huruma yangu ilimwachia mwenzangu ngozi nzima, ikamnyang'anya mikono. Na kwa kuwa sikusema siku ile, nasema leo, mbele ya yeyote atakayesoma: hakukosea hata sauti moja.