Siku Tata Alipovua Abakosti

Nikisikia harufu ya nguo nyeupe iliyotiwa wanga wa muhogo na kupigwa pasi ya makaa, narudi Kapata, katika nyumba yetu ya kampani, nikimtazama tata, baba yetu, akivaa. Alikuwa karani, na alivaa kwa utaratibu wa misa. Kwanza singleti, akiichomeka ndani ya suruali. Halafu shimizi, yaani shati, juu yake, kola ikifunika shingo ya singleti, mikono ikifika kwenye kifundo cha mkono. "Shimizi ni ya batu," alikuwa akituambia, "singleti ni ya mwenyewe."

Kisha wakubwa wa nchi wakakataza kravati, zile tai za shingoni. Wanaume wakavaa abakosti, koti lile la vifungo hadi shingoni, na kama chini yake mna shimizi au singleti tu, hiyo ilikuwa siri ya kila mtu.

Yaya Kabange, dada yangu mkubwa, alipochumbiwa, tulikwenda Manika kwa wakwe. Nilivaa blauzi yangu nyeupe ya shule, nikijiona mrembo kuliko bibi harusi mwenyewe. Mama wa bwana harusi alipokuwa akipitisha bakuli la sombe, yaani kisamvu, mkono ukateleza, mchuzi wa moto pamoja na mawese yake ukamwagikia kifua cha tata.

"Yoo! Tata, vula ile koti, utaungua!"

"Hapana, mama, haina kitu," alisema, huku jasho likimtoka. Lakini mchuzi ulikuwa ukipenya. Akavua.

Singleti yake ilikuwa imechakaa hata ukaona ngozi ya mgongo. Kwapani palikuwa na matundu. Watu wakaanza kuzungumza juu ya mvua, wote kwa pamoja.

Binti mmoja wa pale akaninong'oneza, "Ule njo tata yenu?"

Niliinama nikafunga kamba ya kiatu, ingawa haikuwa imefunguka. Nilipoinuka, tata alikuwa akinitazama.

Wakati wa kurudi alitangulia mbele peke yake, abakosti yenye unyevu mkononi, akiwa amevaa shati la kuazima. Mimi nikamlalamikia mama: mbona tata, anayetufundisha kuvaa, hakuvaa shimizi chini?

Mama akanishika bega, akavuta kidogo kitambaa cha blauzi yangu.

"Shimizi yake njo hii, niliikata nikakushonea. Ingine njo ya kaka yako. Alisema batoto habawezi kwenda ku masomo na bitambaa bya kupasuka."

Nilitaka kukimbia nimfikie, lakini aibu ilinishika miguu. Nilidhani ametangulia kwa sababu amenikasirikia, na miaka mingi niliamini hivyo.

Sasa nina watoto, nao wamefika umri wa kuniomba niwashushe kabla ya lango la shule. Nawashusha, nasubiri watangulie. Ndipo nilipoelewa kwamba tata alikuwa ameniona nikiinama. Alitembea mbele ili, tukikutana na watu njiani, nisilazimike kusema mimi ni wa nani.