Shati Alilolimaliza Rais

Baba yangu alikuwa dobi wa Ikulu kwa miaka tisa. Chumba chake kilikuwa nyuma ya jiko: meza ndefu iliyotandikwa blanketi, pasi mbili, na dirisha la kutazama maegesho ya magari. Wenzake walimwita Mzee Kola, maana kola ikimponyoka na mkunjo, siku hiyo hakukaliki.

Shingo ya rais aliijua kuliko daktari. Mwaka wa kwanza mashati yalimbana. Kufika wa nne yakampwaya.

"Cheo kinamla," alimwambia mama.

"Bora yeye analiwa," mama akajibu. "Wenzake wanakila."

Asubuhi moja, saa kumi na mbili, rais mwenyewe aliingia chumbani mle, kavaa fulana na ndara, shati mkononi.

"Shikamoo, mzee. Leo niachie mimi."

"Marahaba. Mheshimiwa, nimekosea wapi?"

"Hujakosea. Humu kila ninachoanza kinapelekwa kwenye kamati. Barabara niliyozindua mwaka juzi mpaka leo ni mawe matupu. Nataka kitu kimoja nikianze, nikimalize mwenyewe."

Baba akampisha. Rais akaanza na mgongo. Baba alijikaza, akashindwa.

"Samahani, Mheshimiwa. Kola kwanza."

Rais akatii kama mwanafunzi. Ilimchukua dakika ishirini, na mikono ya shati ikatoka na mistari miwili badala ya mmoja. Mlinzi mlangoni alikuwa akitazama dari. Rais akalitundika, akarudi nyuma hatua moja, akalitazama.

"Limekwisha," akasema, akitabasamu. Papo hapo akaitwa kwenye simu.

Mchana alikwenda nalo bungeni. Sisi tulimwona kwenye televisheni. Baba alipoiona ile mistari alifunika uso, akacheka mpaka machozi.

Miaka miwili baadaye rais alishindwa uchaguzi. Siku ya kuondoka alipita jikoni, bustanini, kisha kwa baba, akimpa kila mtu mkono. Baba alikuwa ameandaa maneno mazuri tangu juzi yake. Yote yakayeyuka.

"Nenda kapumzike, mwanangu," ndilo lililomtoka.

"Ndiyo, mzee," rais akaitikia.

Baba naye sasa ameshastaafu. Wachambuzi redioni wakianza kumnyambua yule wa zamani, barabara zake, ahadi zake, baba hawabishii. Hunyoosha mkono akapunguza sauti.

"Mtoto wa watu alichoka," husema, na chai inampoa mbele yake.