Mtuze Unayemwonea Wivu

Mwanangu, ipo Jumamosi moja ya Kingsbury, kitongoji cha London, ambayo naikumbuka hata pale nisipotaka. Nilikuwa binti wa Tanga niliyekuja London kuandika tasnifu ya uzamivu juu ya ushairi wa Kiafrikana, hasa mashairi ya vijana wanaoichezea pesa kwa maneno. Usicheke. Wengi walinicheka: mtoto wa pwani na lugha ya Makaburu, wapi na wapi? Lakini katika lugha ile, neno la pesa, geld, ndilo hilo hilo kitenzi cha kukubalika, cha kuhesabiwa na kuwa na uzito mbele za watu. Vijana wao wakalishika neno hilo, wakawa wanalirusha huku na huku kama mpira, wakiwauliza wazazi wao: asiye nacho mfukoni, je, yeye hakubaliki? Kwa kijana, pesa ni kichekesho mpaka siku ya kodi ya nyumba, na ndani ya kichekesho hicho mna kilio. Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyaandika, tanbihi juu ya tanbihi.

Nilikaa Walthamstow, chumba kimoja na Zuhura, binti wa Mombasa aliyesomea tafsiri. Tulikuwa tukiitana shoga. Kiafrikana nilimfundisha mimi, jioni, tukimenya viazi. Mwaka haujaisha, akawa anakisoma kwa raha ambayo mimi sikuwahi kuipata, maana mimi nilisoma kila mstari kama karani wa forodha anayepekua mzigo. Hapo ndipo mdudu aliponiingia. Kikulacho ki nguoni mwako. Nami nilidhani changu kimelala kitanda cha pili, kumbe kilikuwa kifuani mwangu mwenyewe.

Kulikuwa na shairi moja la kijana ambalo nilikwisha kulitangaza kuwa halitafsiriki. Sura nzima ya tasnifu nilikuwa nimeiandika kulithibitisha hilo. Basi Jumamosi hiyo kulikuwa na baraza la Waswahili katika ukumbi wa Kingsbury: wazee wa Unguja na Mombasa, Wahindi waliozaliwa kwetu wenye maduka mtaani hapo, na Wakongo wachache waliotoka kazini moja kwa moja. Zuhura akasimama, akalisoma shairi lile kwa Kiswahili, tena bila kuniambia. Nilikaa nikimsubiri pale pagumu, neno la pesa linapogeuka kitenzi, kama anayemsubiri mwenzake ajikwae. Alipofika akasema tu:

"Mfukoni sina cha kuhesabu, basi nihesabuni mimi."

Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Kina mama wakainuka, kama ilivyo ada yetu, wakamwendea wakicheza, wakizungusha noti juu ya kichwa chake na kuzipachika kwenye mtandio.

"Tumekuhesabu, mwana wa Mombasa!" akapaza sauti mmoja. "Tumekuhesabu na chenji yako!"

Nami nikanyoosha mkono, kana kwamba nimo seminani. "Samahanini," nikasema. "Shairi hili linaikejeli pesa. Kumtuza anayelisoma ni dalili kwamba halikueleweka. Isitoshe, mstari ule si tafsiri, ni utunzi wake mwenyewe."

Mwanangu, kila neno lilikuwa na hoja yake. Ndiyo maana lilichoma. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Vigelegele vikakatika. Zuhura akaanza kuzitoa noti moja moja kwenye mtandio, akamwendea mama wa kwanza amrudishie yake. Unajua maana ya kumrudishia mtu tuzo mbele ya kadamnasi? Ni kumwambia kwamba mkono wake una uchafu. Yule mama alirudi nyuma kama aliyemwagiwa maji ya moto. Aliyemzuia Zuhura alikuwa Bi Nargis, mwenye duka la vitambaa, Mhindi wa Unguja, aliyeliandaa baraza lile.

"Kaa, mwanangu. Chako hicho." Kisha akanigeukia mimi. "Wewe, nani kakwambia tuzo ni malipo? Sisi tunalipa dukani. Hapa tunasema, nimekusikia."

"Lakini Bi Nargis, kimantiki..."

"Mantiki kaiache mlangoni pamoja na viatu. Ungesoma wewe, ungeziona noti zile makosa?"

Nikaukumbatia mkoba wangu.

"Mkobani mna nini?"

"Pauni tano."

"Nenda kamtuze."

Nilisimama nikipima. Nikitoa nitaonekana mnafiki, nisipotoa, hasidi, na kama ni kutoa, je, kwa mkono wa kulia tu au niizungushe kichwani kama wengine? Ukumbi mzima ulinitazama nikipima. Nilipofika hatimaye, Zuhura aliipokea noti kwa mikono miwili, kwa adabu kamili, kama mtu apokeavyo cha mgeni.

"Ahsante, dada," akasema.

Dada, si shoga tena. Wiki hazikuwa nyingi akahamia Hayes kwa shangazi yake, na tangu siku ile hakunionyesha tena mstari wake hata mmoja. Leo tafsiri zake zinasomwa, na mstari ule wenyewe nimeusikia ukisomwa harusini na watu wasiomjua. Tasnifu yangu ilipita, ikasifiwa kwa usahihi wake, ikapandishwa rafuni. Na nikwambie kweli: bado namwonea wivu. Juzi nilisikia sauti yake redioni, mkono ukaenda kuizima kabla sijaamua. Mimi nimezeeka, wivu haukuzeeka.

Sasa nisikilize. Wivu ukikujia usijadiliane nao, kwa kuwa akili iliyosoma ndiyo wakili wake mkuu, na kesi hiyo hutaishinda. Ukimwona mwenzio amefanya lile lililokushinda, inuka kabla hujaanza kufikiri, ukamtuze hadharani, kwa noti, kwa kigelegele, hata kwa neno. Kasoro zake mwambie siku nyingine, mkiwa wawili, na akuulize kwanza. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na pesa, nyinyi vijana, msiicheke kupita kiasi wala msiiogope: ni karatasi, naam, lakini binadamu hana vyombo vingi vya kumwambia mwenzake kwamba amemwona.

Nenda, mwanangu. Mola akujaalie rafiki anayekuzidi, na akupe miguu myepesi ya kuinuka pale anaposhangiliwa.