Siku ya Bethwel na Binti Zake Ziwani

Miaka kumi na minne Bethwel alikuwa ameendesha lori la majani mabichi ya chai, kutoka vituo vya wakulima hadi kiwandani Mogogosiek, na hapakuwa na kona ya barabara ile ya matope asiyoijua. Binti zake wawili ndio ambao hakuwajua tena. Mama yao, Janeffer, aliondoka nao wakati Cherop, yule mdogo, alikuwa hajaanza kutembea, wakahamia Kisumu alikopata kazi ya ualimu. Ugomvi wenyewe ulishaisha. Kilichobaki ni simu ya Jumapili, "mko aje" na "tuko sawa," kisha kimya.

Agosti hii, shule zilipofungwa, Janeffer alimwambia, "Wachukue Jumamosi yote. Lakini usiwaketishe kwa hoteli wakikuangalia tu."

Ndiyo maana akakodi boti. Hakuwa amewahi kupanda boti, wala hakujua kuogelea. Aliwaza tu kwamba botini hakuna mtu anayeweza kuinuka akaenda chumba kingine.

Walitoka ufuoni Kisumu saa tatu asubuhi, yeye, wasichana, na nahodha mnene aliyeitwa Odera. Chelangat, wa miaka kumi na mitatu, alikaa mbele kabisa, kofia ya sweta ameivuta hadi usoni. Cherop, wa saba, alikaa karibu na injini akimmiminia Odera maswali: viboko hulala wapi, samaki hunywa maji? Bethwel alisikiliza majibu yote kana kwamba yeye ndiye aliyeulizwa.

Boti ilifuata ukingo polepole ikikwepa magugu maji, ikawapita wanawake waliofua nguo na ng'ombe waliosimama majini. Saa sita wakaingia kighuba kilichokingwa na mawe makubwa, mahali upepo usipofika. Odera akazima injini, akatupa nanga.

Bethwel akafungua kapu. "Nimewaletea mursik. Gogo yenu, mama yangu, ametengeneza."

Cherop alionja maziwa yale ya kugandishwa, akakunja uso. "Uncle, hii imeharibika?"

Chelangat akageuka. "Si uncle. Ni Baba."

"Nilisahau," Cherop akasema, bila ubaya wowote.

Odera akajitia kukaza kamba ambayo haikuwa imelegea. Bethwel alicheka, akakichukua kikombe kile akakinywa mpaka mwisho. "Haijaharibika, mami. Iko hivyo tu." Alitaka kumwambia Cherop kwamba jino lake la kwanza lilipochomoza, Bethwel mwenyewe ndiye aliyelihisi kwa kidole. Lakini zaidi yake, nani angekumbuka hilo?

Jua lilipokuwa kali, Cherop alimlalia Bethwel pajani, kwa kuwa hapo tu ndipo palipokuwa na kivuli. Mguu ukafa ganzi. Bethwel hakujisogeza.

"Baba," Chelangat akasema bila kumtazama, "unaishi na nani huko?"

"Peke yangu."

"Peke yako kabisa?"

"Ndiyo. Kwani?"

"Sisi tulidhani uko na familia ingine."

"Nani aliwaambia hivyo?"

"Hakuna. Tulidhani tu."

Bethwel aliyatazama maji. Miaka yote ile alikuwa akikata simu upesi ili asiwachoshe, na wao walidhani kuna watoto wengine wanaomngoja mezani. "Hakuna wengine," alisema mwishowe. "Ni nyinyi tu."

Chelangat aliitikia kwa kichwa. Hakusogea karibu, ila kofia aliivua.

"Upepo unakuja," Odera akasema. "Tung'oe nanga?"

"Bado kidogo, ndugu yangu. Mtoto amelala."

Walipofika nchi kavu Janeffer alikuwa akingoja. Cherop alimkimbilia akimsimulia viboko ambao hawakuwaona. Chelangat alimpa Bethwel mkono, kama mtu anavyomsalimu pasta, akamfuata mama yake. Bethwel akaanza safari ya kurudi milimani peke yake, na mvua ikamlaki njiani, Kapsoit.

Jumatatu, kwenye kituo cha majani, Rodah aliyepima magunia alimkazia macho. "Mbona uso umekuwa mweusi hivi?"

"Nilienda ziwani na watoto."

"Watoto?" Rodah akaacha mizani. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka mitatu. "Kumbe uko na watoto?"

"Wawili," alisema Bethwel, akapanda juu ya lori kufunga turubai.