Gunia la Magunzi

Juzi, kwenye kaunta ya vifurushi ya mjini, kata ya Kashaulili, mwanasayansi niliyemfundisha akiwa mtoto alikuwa akisafirisha gunia la magunzi kwenda ng'ambo.

“Dada, huko hawana kuni?” karani akamtania.

“Nayageuza mkaa wa kutengenezea betri za kutunza umeme wa jua.”

Nesi kutoka Inyonga, aliyekuja mjini kupokea chanjo nyingine, akamshika mkono. “Mwanangu, tuletee. Betri ya zahanati imekufa, friji likazima, chanjo za watoto zimeharibika.”

Mwanasayansi akainamisha macho. “Mama, nikifaulu, betri ni mali ya wanaonilipa.”

“Kwa hiyo magunzi yetu tutayanunua?”

Darasani kwangu, mwanasayansi huyu alikuwa wa kwanza kunyoosha kidole. Safari hii alikaza tu fundo la gunia. Nesi akaenda kuomba barafu ya kupoozea chanjo kwa wauza samaki.