Rangi ya Kaluvu ya Mwende

Sijanywa pombe maishani, ila nimejisomea mengi kuhusu utengenezaji wake. Kwa hiyo wakwe wanapoleta kaluvu, pombe yetu ya asali, ndugu zangu huniachia mimi niikague rangi. Jumamosi iliyopita ililetwa kwa ajili ya Mwende, binti ya kaka yangu. Tukiikataa, mazungumzo ya mahari yanavunjika.

Nilisimama uani, juani, nikainua glasi. Kaluvu ya asali huwa ya manjano. Hii ilikuwa ya kahawia.

"Mmetia sukari nguru," nikasema.

Mzee Mutiso, mjomba wa kijana anayeoa, akakunja uso. "Asali nimeirina mwenyewe, kwa mizinga yangu. Unaniita mwongo mbele ya watoto?"

Nilitaka haki itendeke. Nikaagiza glasi ya maji safi ili wote walinganishe. Yalipofika nikayarudisha, kwani niliyaona machafu. Yakaletwa ya chupa, ikafunguliwa mbele yangu. Nayo nikayakataa.

"Haiya! Hata ya chupa?" Mutiso akainuka, akavaa kofia yake. "Semeni tu hamtutaki, twende zetu."

Mwende akatoka jikoni, machozi yakimlengalenga. "Baba mdogo, tafadhali, toa hiyo miwani."

Ilikuwa miwani mpya, ya aina ile inayogeuka nyeusi juani. Niliivua mbele ya wazee wa pande zote mbili.

Mutiso akanisogezea glasi ya kaluvu hadi puani. "Haya, mtaalamu. Sasa ni rangi gani?"